Sauti ya Muuza Watu

Ninachotaka kukusimulia hutakiamini, na mimi nisingekuwa na simu mkononi siku ile nisingekiamini pia. Basi zima la watu liliambiwa shukeni, mtaumia. Watu wakajibu wakicheka. Wengine walipiga makofi, na mlango wakaufunga kwa ndani. Sitii chumvi. Lakini nikianzia hapo utapotea, ngoja nikupeleke taratibu.

Baba yangu ndiye sauti ya kituo kikuu cha mabasi. Kama umewahi kusafiri kutoka mjini kwetu, umemsikia, hata kama sura huijui. Yuko juu ya ofisi za tiketi, kwenye kibanda cha vioo kilichokaa pale kama kofia ndogo kwenye kichwa kikubwa. Ndani kuna kiti, feni iliyokwisha kata tamaa, ratiba ukutani na kipaza sauti chenye shingo ndefu. Mimi niko chini yake, nachaji watu simu na kuuza vocha, kwa hiyo siku nzima namsikia. Kila tangazo analianza hivihivi: "Wapendwa wasafiri, nawaomba kwa heshima." Halafu ndiyo anataja basi, linakokwenda, mlango upi.

Baba hakuzaliwa huku. Alikuja kijana, akamwoa Mama, Mungu amrehemu, na lugha yetu alifundishwa na bibi yangu mzaa mama, jikoni. Mpaka leo anaiongea kama mtu anayepanda ngazi. Neno analivuta mwishoni, analiinua, halafu analiweka chini polepole kama kikombe cha mtu mwingine. Nikiwa mdogo nilidhani baba wote wanaongea hivyo.

Haya. Shemeji sasa.

Dada yangu ameolewa na mtu maarufu. Mtaani wanamwita Koo la Chuma. Kazi yake ni kutafsiri muvi. Kama hujui inavyokwenda: muvi inakuja na lugha ya nje, yeye anajifungia kwenye chumba alichobandika magodoro ukutani ili kelele za jirani zisiingie, anavaa hedifoni, anawaongelea watu wote peke yake. Stelingi, yule shujaa wa muvi, ni yeye, bibi harusi ni yeye, mbwa akibweka ni yeye. Haandiki kitu. Anaongea papo hapo, na pale asipoelewa anatunga, na hapo kwenye kutunga ndipo watu wanapompendea.

Ikaja muvi moja ya mabasi na mabomu. Adui wa muvi ile anatoka nchi ya Baba.

Niseme kitu kuhusu hizi muvi, maana kinaniwasha. Kila zikifika nchi ya Baba picha inageuka njano. Nchi nzima njano, kama ina homa ya ini. Kunaanza muziki wa nyoka. Mchanga unapeperuka, mbuzi anapita, halafu anatokea mwanaume anatoka jasho, meno mabovu, na haongei, anafoka. Akicheka, ujue kuna mtoto wa mtu kauzwa. Mke wake hana jina wala mdomo, kazi yake kumimina chai na kulia. Na wote wanafanana, ukimpiga risasi mmoja anatokea pacha wake. Muvi baada ya muvi, mwaka baada ya mwaka, mtu yuleyule. Yaani waliotengeneza hawajawahi hata kumuuliza dereva wao wa teksi, naye huenda katoka hukohuko.

Baba aliitazama yote, mikono magotini. Ilipoisha akasema, "Kwetu hakuna mchanga. Kwetu kuna ukungu na kabichi." Akaenda kulala.

Lakini kilichomlaza mapema hakikuwa mchanga. Ilikuwa sauti. Shemeji alipofika kwa yule adui, muuza watu, alimvisha sauti ya Baba. Siyo kufanana. Yenyewe. Ile ngazi, ule mvuto, kile kikombe. Na kwenye sehemu kubwa kuliko zote, adui ametega bomu kwenye basi, anawatoa abiria ili akawauze, Shemeji akamtilia maneno ambayo kwenye muvi hayapo kabisa: "Wapendwa wasafiri, nawaomba kwa heshima, shukeni." Na stelingi anajibu, "Hatushuki, muuza watu." Abiria wote wanadakia, "Hatushuki."

Muvi ikashika kama moto wa petroli. Ikawa mlio wa simu. Nilikuwa nachaji simu za watu, zinalia mezani kwangu kwa sauti ya baba yangu, "shukeni, shukeni", natamani nizitumbukize kwenye ndoo. Baba akitangaza basi la asubuhi, chini wanajibu "Hatushuki" na kuanguka kwa kicheko. Watoto wakimwona anatoka kazini wanajificha nyuma ya mama zao, na mama zao wanacheka.

Nilimfuata Shemeji kwake. Alikuwa sebuleni anamlisha mtoto uji, Dada anakunja nguo.

"Shem, karibu. Umenuna nini?"

"Kwa nini sauti ya Baba?"

"Adui lazima awe na lafudhi. Ukimpa sauti ya kawaida watu watajuaje kama ni mbaya?"

"Mbona stelingi hukumpa? Naye katoka ng'ambo. Kwetu hajawahi kunywa hata maji."

"Stelingi tumemzoea," akasema, bila aibu, kijiko hewani.

"Na Baba hujamzoea? Amekuoza binti yake."

"Shem, ni mzaha. Mzee anajua namheshimu. Lafudhi ya wageni ninayoijua mimi ni hiyo moja, ningeitoa wapi nyingine?"

Dada akasema, "Mdogo wangu, hebu punguza. Hii kazi ndiyo inatulisha."

"Basi mle," nikasema, nikaondoka. Nakiri nilifunga mlango kwa nguvu, na mtoto akaanza kulia.

Kituoni Meneja akaanza kumwita Baba ofisini. Eti abiria hawamsikilizi tena, wanacheka, wanakosa mabasi. Eti labda wafikirie sauti nyingine. Baba akamwambia, "Wakichoka kucheka watasikiliza." Hicho tu. Kipaza sauti kile ndicho heshima yake yote mjini hapa. Mtu ambaye kila aliye nyuma ya dirisha la tiketi anamwita Mgeni hata baada ya miaka yote hii, akiwa juu pale anaitwa Mtangazaji. Akiondolewa pale anarudi kuwa Mgeni. Hilo nalijua mimi, analijua Dada, na Shemeji naye analijua.

Sasa ile siku.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Shemeji alikuja kituoni na mabango ya sehemu ya pili ya muvi, mashabiki wamemzunguka, mimi nikachukua video. Ndiyo, namchukia na bado nachukua video, ndivyo nilivyo, kitu kikitokea mkono wangu unakwenda wenyewe. Amesimama mlangoni mwa basi kubwa lililojaa, lile linaloegeshwa juu kwenye mteremko wa geti la nyuma, anasalimia abiria madirishani. Dereva kaenda kula. Kondakta yuko ndani anahesabu vichwa.

Nikamwona fundi wa breki anakimbia. Yule bwana mnene, hajawahi kukimbia, nguo imejaa grisi, anapanda ngazi za kibanda cha Baba. Sikusikia alichosema. Tulikuja kujua baadaye: upepo wa breki za lile basi ulikuwa unavuja, amelisikia linapumua, na jiwe la kuzuia tairi limeanza kusogea. Amewapigia kelele abiria, hawakumsikia kwa jinsi walivyokuwa wanamshangilia Shemeji. Ndiyo akakimbilia kwenye sauti kubwa.

Spika zikakohoa.

"Wapendwa wasafiri, nawaomba kwa heshima. Mlio kwenye basi la geti la nyuma, shukeni. Shukeni sasa hivi."

Kituo kizima kikalipuka kwa kicheko. Nami, Mungu anisamehe, kwa sekunde moja sikuelewa. Sauti ni ile, maneno ni yale, ungejuaje?

Shemeji akageuka, uso umemwangaza kama mtoto aliyeletewa zawadi. Akainua mkono, akajibu kwa sauti ya stelingi, "Hatushuki, muuza watu."

Basi zima: "Hatushuki."

"Nawaomba," Baba akarudia, na sasa sauti ilikuwa inatetemeka, "breki ni mbovu, jamani, shukeni."

"Hatushuki."

Kondakta akasita. Akashika mlango afungue, nilimwona, na video imemwona. Shemeji akamwambia, "Kaa, kaa, kaka. Mzee anaigiza. Tumepanga, ni tangazo la sehemu ya pili." Kondakta akacheka, akauachia.

Baba akatoka kibandani. Mzee wa watu, magoti mabovu, anashuka ngazi huku kashika reli, anakimbia, analifikia basi, anaugonga mlango kwa viganja. Ndani wakaufunga kwa komeo. Kuna kijana alimtolea ulimi dirishani. Muuza watu amekuja mwenyewe, wakasema, ona, na jasho lake.

Halafu basi likaondoka kinyumenyume.

Polepole mwanzoni, kama mtu anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga. Kicheko kikaendelea kidogo, hiki ndicho kinachonitoa usingizi, kicheko kiliendelea kidogo wakati basi linakwenda. Kisha likashika kasi, likapita mabenchi, likaingia ukuta wa ofisi za mizigo. Hakufa mtu. Kondakta alivunjika mkono, bibi mmoja aliyekuwa siti ya nyuma akavunjika nyonga, vioo viliwachana watu nyuso.

Na hapo ungedhani watu wangesema, kumbe mzee alituambia ukweli.

Walimgeukia yeye. Aliyeanza ni nani sijui, nilisikia sauti tu nyuma yangu: "Alijuaje?" Ikaruka mdomo hadi mdomo. Alijuaje kama litaondoka? Kwa nini alikuwa pale mlangoni? Alikuwa anafanya nini na tairi? Si mnawajua hawa watu wa kwao. Hakuna aliyewahi kufika kwao. Wamefika kwenye muvi. Mwanamke mmoja akamtemea mate kwenye shati, Baba akatoa leso, akajifuta, akaendelea kumshikilia yule bibi kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja. Fundi wa breki alijaribu kueleza, wakamwambia amenunuliwa.

Shemeji hakuwepo. Nilimtafuta kwa macho, amepotea kama moshi, mabango yake yametupwa chini.

Meneja akamwambia Baba asipande kibandani mpaka kikao. Kesho yake mchana, wakubwa wa kituo watakaa, atajieleza kwa nini alitangaza kwa namna ya kuwachekesha abiria mpaka wakaumia. Nisikilize vizuri: kwa namna ya kuwachekesha.

Nikarudi nyumbani nimeishika simu kama yai. Kila kitu kimo. Tangazo, kondakta, "Kaa, kaa, kaka, tumepanga."

Dada alikuja jioni na mumewe. Mtu nimemwona amekauka hivyo mara hiyo tu, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Tulikaa jikoni, Baba yuko uani nyuma anapiga viatu rangi.

"Umechukua video," Dada akasema. Hakuuliza.

"Nimechukua."

"Ifute."

"Kikao ni kesho. Aende yeye aseme mwenyewe, mimi nitafuta mbele yenu."

Nikamgeukia Shemeji. "Utasema?"

Akajishika kichwa. "Shem, nilidhani mzee ananitania. Wallahi tena. Niliposikia ile sauti, nilijua amenisamehe, kaamua tucheze wote. Nilifurahi. Hujui nilivyofurahi."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimempangia matusi, nikayaacha.

"Basi sema hivyohivyo kesho," nikamwambia.

"Bibi kavunjika nyonga. Nikisema ni mimi niliyewazuia, wananifunga. Mzee atapoteza kazi tu. Mimi napoteza kila kitu."

"Kazi tu," nikasema.

"Huyu ni baba wa mtoto wangu," Dada akasema.

"Na yule uani ni baba wa nani?"

"Usinifanyie hivyo."

"Mnafanyiwa nini nyie? Mzee katemewa mate, Dada. Mate. Mumeo alikuwa wapi, alikuwa anakojoa?"

Dada akasimama. Kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Ukiitoa hiyo video, mimi sina mdogo." Wakaondoka, Shemeji nyuma kama mzigo.

Nikaenda uani nikamwonyesha Baba. Aliitazama mpaka mwisho, brashi ya viatu mkononi, kama alivyoitazama ile muvi.

"Futa, mama," akasema. Mimi ananiita mama, nimepewa jina la mama yake.

"Baba, hii inakuokoa."

"Inaniokoa na nini? Nikipeleka hiyo, nimempeleka mkwe wangu jela, baba wa mjukuu wangu. Watasema nini? Mgeni amemuuza mtoto wa watu." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Si ndivyo ninavyofanya kwenye sinema? Nikinyamaza mimi ndiye niliyeharibu basi. Nikisema mimi ni muuza watu. Walionitengenezea yule mtu walifunga milango yote miwili."

"Kwa hiyo unanyamaza."

"Nasubiri aseme mwenyewe. Ni mwanangu. Nampa nafasi."

Kesho yake kikaoni niliruhusiwa kuingia kwa kuwa Baba alisema magoti yanamsumbua, nimshike. Chumba cha mikutano cha kituo, meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, maji ya chupa, Meneja na wakubwa wenzake. Na kwenye kiti cha pembeni, amevaa koti, amenyoa, Koo la Chuma. Nikasema, jamani, amekuja kusema.

Meneja akaongea muda mrefu. Usalama, imani ya abiria, sauti inayoeleweka. Halafu akasema kituo kimeona kiwe na sauti ambayo watu wanaipenda na kuiamini, na kwa bahati nzuri, ndani ya familia ileile, ndugu yetu hapa ameombwa ajaribu, naye amekubali. Akamwonyesha Shemeji kwa kiganja.

Nilimtazama Baba. Alikuwa anamtazama mkwe wake bila hasira, kama mtu anayengoja basi ambalo anajua linakuja.

Meneja akauliza, kwa utaratibu tu, "Ndugu, wewe ulikuwepo kituoni jana. Kuna chochote uliona?"

Shemeji akafungua mdomo. Ninakuapia alitaka kusema, koo lilicheza juu na chini. Halafu akasema, na akaisema kwa ile sauti safi ya stelingi, ile tuliyoizoea, "Nilikuwa mbali kidogo. Niliona tu mzee anagonga mlango."

Baba akainamisha kichwa. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, ule wenye simu, akaukandamiza mezani. Maana yake ilikuwa acha.

Nikautoa mkono. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabonyeza.

Waliisikiliza yote. Baba anaomba, basi linacheka, "Kaa, kaa, kaka, tumepanga." Meneja akaniambia nirudie. Nikarudia. Shemeji hakukana, alivua koti tu, kama ghafla limekuwa la mtu mwingine, na walipomwambia asitoke hakutoka. Askari wa kituo walimchukua kabla ya magari ya alasiri.

Baba amerudi kibandani. Video ilivuja, siyo mimi niliyeivujisha ingawa hakuna anayeniamini, na sasa akitangaza watu wanakaa kimya mpaka unasikia feni. Kuna wanaomsalimia kwa mikono miwili. Kuna wanaosema pembeni, ona, familia yenyewe ya kuuzana. Shemeji yuko nje kwa dhamana, kesi inaendelea, kile chumba cha magodoro amekifunga. Dada amenitoa kwenye kundi la familia na mtoto simwoni. Nikipita kwake pazia linashuka.

Na Baba nyumbani anakula, ananipisha bafuni, ananiachia chai kwenye chupa. Haniiti mama tena. Jana nilimuuliza, "Baba, ulitaka nikuache uzame?" Akafunga kamba za viatu, akasema, "Nilitaka aseme yeye," akaenda kazini.

Haya, wewe uliyesoma mpaka hapa. Kiganja cha baba yako kiko juu ya mkono wako, mume wa dada yako ameshadanganya, na kidole chako kiko palepale kilipokuwa changu. Ungebonyeza?